Udhu Juu ya Soksi

Wenzangu wa kahawa ya asubuhi, tangu nirudi kutoka Sur mmeniuliza habari za huko, na kila mara nimejibu "salama" nikajaza vikombe. Najua mnachotaka kuuliza. Mnataka kujua habari za mguu wa kaka yangu. Basi naandika mara moja, msomeane, nisiulizwe tena.

Kwa wasiomjua: Seif ni kaka yangu wa pili, tumezaliwa Tabora. Alipokuwa mtoto serikali ya kule ilichukua duka la baba, na Seif ndiye aliyetumwa kupeleka funguo. Tulipokuja huku Oman alisoma kwa bidii, akapelekwa Amerika kwa pesa za serikali, akatakiwa arudi. Hakurudi. Aliendesha malori ya watu, kisha lori lake mwenyewe, akatulia Ohio, akaoa, akarudisha pasi yetu akachukua ya kwao. Zaidi ya miaka arubaini. Mwaka huu dada yetu mkubwa, Rahma, anayekaa Aija, ng'ambo ya daraja pale Sur, alimwambia kwa simu kwamba amepita themanini na hataki kuonana naye akhera tu. Akaja. Alifika kwangu Nizwa na miguu miwili, mmoja ukiwa mgonjwa na sisi hatujui. Tulikuwa na siku tatu njiani za kuuokoa. Mambo ya tiketi na viza nayaruka.

Nizwa mpaka Ibra

Tuliondoka asubuhi, mwanangu Hilal akiendesha. Tukapita Izki, tukashika njia ya Sinaw. Kaka Seif alikaa mbele, mkono dirishani kama mwenye barabara. Kabla hatujamaliza nusu saa alikuwa ameshaanza hadithi zake za Amerika: kule mtu ni mtu, anaanguka anainuka mwenyewe, hakuna shekhe wa kumpigia simu wala mjomba wizarani.

Hilal, mnamjua, alipoteza kazi mwaka jana, na mfuko wa serikali ukamshika mkono miezi kadhaa hadi akapata nyingine. Kwa ujinga wake akalisema hilo, kwa Kiswahili chake cha kuokotaokota. Kaka Seif akacheka.

"Kwa hiyo ulilipwa kwa kulala."

"Mjomba, mimi silali. Mimi natafuta kazi kila siku. Kazi sasa ni chache, na mimi iko na mtoto."

"Mtoto ni wako au wa serikali?"

Niliona Hilal alivyoukaza usukani. Nikabadilisha mazungumzo, nikasema tusimame Sinaw tule mishkaki. Kaka Seif alikula vijiti vitatu na chai ya karaki, ile ya maziwa iliyojaa sukari, akaingia msalani, na hapo tukaanza kungoja. Robo saa ikapita, kisha nyingine. Hilal alikwenda kugonga, akajibiwa kwamba mtu mzima hasindikizwi chooni. Kaka Seif alitoka ananukia manukato. Nilimtania kwamba amekuja kuoa. Ikawa hivyo kila tuliposimama, na mimi nikaamua ni tumbo, kwa kuwa wageni wote tumbo linawasumbua.

Ibra

Ibra tulifikia kwa Khalfan, mtoto wa ami yetu, mtu mwenye heshima na ndevu nyeupe, anayejua nasaba ya kila mtu kuanzia Mudhaibi mpaka Sur. Alikuwa amechinja. Tulivua viatu mlangoni, kaka Seif naye akavua, lakini soksi akabaki nazo. Nyeupe, nzito, zimevutwa mpaka katikati ya muundi. Katika joto lile. Watoto wa Khalfan walizitazama wakafinyana. Mimi mwenyewe nilisema kwa sauti kwamba ndugu yetu anaogopa zulia lisimwambukize Uarabu, watu wakacheka, na yeye akacheka.

Ikaja halwa. Alichukua kidogo kwa ncha ya vidole, na sisi hatukumwacha. Nani kwetu anamwacha mgeni? Khalfan alimwekea tena, mkewe akatuma kutoka ndani nyingine yenye zafarani zaidi, mimi nikamwambia asiwavunje watu moyo. Akala. Kila alipokitikisa kikombe kuonyesha kwamba kahawa imemtosha, alisogezewa tende.

Adhana ya alasiri ilipolia ndipo mambo yakaharibika. Wanaume walikwenda kwenye bomba la uani kutawadha. Kaka Seif aliosha mikono na uso, akapaka maji kichwani, na alipofika miguuni alilowesha vidole akavipitisha juu ya soksi. Akamaliza. Akasimama kungoja wenzake.

Wengine mnajua na wengine hamjui: wapo Waislamu wanaokubali hivyo, na si makosa kwao. Sisi Maibadhi hatukubali. Mguu unaoshwa. Tulifundishwa na baba, kwa fimbo pale ilipohitajika. Khalfan alisimama na maji yanamdondoka viwikoni, akamwangalia kaka Seif kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umepakwa rangi nyingine. Aliswalisha, akarudi, akaja upande wetu wa wanawake akaniita pembeni. Akaniambia, pole pole, kwamba hana la kusema juu ya pasi ya Amerika, lakini mtu kuacha mwendo wa wazee wake namna hii, mbele ya watoto, yeye roho yake haimo.

Nilitamani ardhi inimeze. Nilimfuata kaka Seif kwenye gari, alikokwenda kuchukua kitu, nikamsomea.

"Kaka, unatuaibisha. Vua hizo soksi uoshe miguu kama baba alivyokufundisha."

"Zuwena, kila mtu na udhu wake."

"Hapa si Ohio."

"Kila mtu na udhu wake," akarudia, akafunga mlango wa gari.

Sasa nawaambieni kitu kinachonichoma mpaka leo. Mwenye jeraha ana ruhusa. Angesema "nina kidonda," neno moja tu, Khalfan mwenyewe angemwonyesha namna ya kutayamamu, angemwekea mto, angemwita daktari. Kaka yangu alikubali kudhaniwa amepotea katika dini kuliko kujulikana kwamba anaumwa. Na sisi tulikuwa wepesi zaidi kumdhania dini kuliko kumdhania ugonjwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini.

Tulikuwa tulale. Lakini baada ya magharibi udi uliletwa, mapema mno, chetezo kikapitishwa mikononi na chini ya nguo, na mnajua wenyewe, baada ya udi hakuna kukaa. Kaka Seif hakuelewa, akasema ni heshima kubwa. Tukashukuru, tukaondoka, tukalala kwenye hoteli ndogo kando ya barabara.

Bidiya

Asubuhi tukaendelea na njia. Pale Bidiya tulisimama kwenye mashamba ya mitende, panapopita falaji, ule mfereji wa mashamba, yenye maji safi, na mimi nilikuwa nimechoka kununa. Nilikunja buibui nikatia miguu majini, Hilal naye akatia. Maji yalikuwa baridi, tukaanza kucheka. Nikamwita kaka Seif. Alisimama juu ya ukingo na viatu vyake akasema haya ni maji ya watu, hataki kuyachafua.

Nilidhani ni maringo. Kumbe ndilo neno la kweli pekee alilolisema njia nzima.

Mzee mmoja aliyekuwa akigeuza maji kuelekea shamba lake alituelezea zamu zao. Kila mwenye shamba ana muda wake, na upo muda usio wa mtu, unaokodishwa, pato lake linatengeneza falaji na kusaidia msikiti. Kaka Seif alifurahi sana. Akasema hivyo ndivyo inavyotakiwa, watu wenyewe kwa hiari yao, serikali ikae mbali. Nilipomfasiria, mzee akakuna kichwa. Akasema si hiari, asiyechangia kazi ya falaji hapati maji, na mwaka mtaro ulipobomoka na mvua ni serikali iliyoleta mashine. Kaka Seif alimfanya kama hakumsikia.

Mchana tulikwenda kambi moja ya watalii mchangani, kwa kuwa nilitaka aone anachokisifia kila mtu. Jua lilikuwa limeanza kuinama, lakini kali bado. Mwenye kambi aliwakataza wageni kutembea bila viatu, akasema mchanga wa saa hii unababua. Kaka Seif alivua viatu. Akaingia mchangani na soksi zake, akapanda kilima taratibu, akasimama juu, akainua dole gumba. Hakurukaruka, hata uso hakuukunja. Watalii wawili walijaribu kumfuata, wakarudi mbio wanapiga kelele, na sote tukapiga makofi. Hilal akasema, "Mjomba mguu yake ni chuma." Mwenye kambi akasema hajapata kuona. Mimi nilitoa simu nikampiga picha, kwa majivuno, nikaituma kwa bintiye Amina kule Amerika, nikaandika: baba yako bado dume.

Tulikuwa tunampigia makofi mtu asiyesikia miguu yake.

Njia ya Jalan

Siku ya pili yake tuliikunja njia kupita Jalan Bani Bu Ali, kwa kuwa nilitaka kumchukulia dada Rahma tende kwa mwanamke ninayemjua pale. Kabla ya mji gurudumu la nyuma likapasuka. Hilal alitaka kulibadilisha, kaka Seif akamwondoa. Amebadilisha magurudumu ya lori kwenye theluji, akasema, hatashindwa na hiki kigari. Akapiga magoti kwenye lami.

Gari ya kubeba mizigo ikasimama, wakashuka vijana wawili waliofunga vilemba vya masari. Hawakuuliza kitu. Mmoja alimshika kaka Seif bega akamwinua, mwenzake akachukua spana mkononi mwake.

"Sikuwaita," kaka Seif akasema, kwa Kiarabu chake cha zamani.

"Tumekuona, ami," yule kijana akajibu, akaendelea kufungua nati.

Kaka Seif alikasirika kweli. Alikwenda kukaa kwenye jiwe, jasho linamtoka, midomo imekauka, mikono inatetemeka. Mimi niliona hasira tu. Vijana walimaliza, wakakataa hata maji tuliyowapa, wakaondoka. Alinung'unika mpaka mjini kwamba huku hata mtu kuhangaika na gari yake mwenyewe hawamwachii. Pale Jalan aliomba asimamishwe kwenye duka la dawa, akaingia peke yake, akatoka na mfuko mweusi. Nilimuuliza ni nini. Akasema mafua.

Aija

Dada Rahma macho yake yamepungua, lakini alitungoja mlangoni tangu asubuhi, nguo mpya, hina mikononi. Alikuwa ametandika mkeka, na katikati sinia la halwa kubwa kuliko la Khalfan. Analipwa kila mwezi pesa ya wazee, na ya mwezi ule yote aliipeleka kwa mtengeneza halwa, kwa ajili ya mdogo wake. Alimkumbatia kaka Seif muda mrefu. Kaka Seif akaamkia, "Shikamoo dada," na dada akaitikia, "Marahaba baba," kama vile tupo Tabora na yeye anatoka shule.

Wakakaa. Dada alimmegea halwa kwa mkono wake, akaipeleka mdomoni mwake. Kisha mkono ukasimama njiani. Akavuta pumzi kwa pua.

"Kitu gani kimeoza humu ndani?"

Mimi nilikuwa nimeizoea harufu ile siku mbili garini, nikaipa jina la soksi.

"Vua soksi, Seif."

"Si kitu, dada. Ni joto la njia."

"Nimekuogesha mimi. Vua."

"Dada, niache."

"Mficha maradhi kilio humfichua," dada Rahma akasema, na akateremka kwenye mkeka kwa magoti yake mabovu, akaishika soksi ya kulia, akaivuta mwenyewe. Ilikuwa imegandia. Kaka Seif hakutoa sauti, maana hakusikia maumivu. Aliyelia ni dada.

Sitaueleza mguu ule. Dole gumba lilikuwa jeusi, na wayo wote ulikuwa malengelenge yaliyopasuka, ule mchanga wa Bidiya. Sinia la halwa lilikuwa pale pale kando ya mguu. Hilal alilibeba akalipeleka jikoni bila kuambiwa, kisha akaleta gari.

Hospitali ya serikali walimpokea papo hapo. Sukari yake ilimshangaza hata muuguzi. Daktari, Mmisri mpole, alitueleza mbele yake: alazwe leo, asafishwe kidonda leo, kidole pengine kitakwenda, mguu bado una matumaini. Akasisitiza, leo.

Kaka Seif aliuliza bei. Daktari alidhani hakusikia vizuri, akaanza tena kueleza kidonda. Kaka Seif akauliza bei tena. Ikabidi watafutwe watu wa ofisini, na wakasema kweli: mwenye pasi ya kigeni analipia, isipokuwa ile huduma ya dharura ya mwanzo. Lakini kuna maombi ya msamaha, ndugu waandike barua, mara nyingi hukubaliwa. Hilal alikuwa ameshatoa kalamu. Dada Rahma akasema yeye ataandika kwa dole gumba. Nilimpigia Khalfan, na yule Khalfan aliyetutolea udi alisema anakuja sasa hivi na wanawe.

Kaka Seif akakataa.

Alisema hajawa mzigo wa mtu tangu siku ile ya funguo. Alisema serikali inayokupa kwa mkono wa kulia inakunyang'anya kwa wa kushoto, na yeye ameiona kwa macho yake. Ndipo yakatoka mengine, kidogo kidogo. Bima yake ya matibabu ilikuwa ya kazi ya mkewe, aliyekuwa mpishi wa shule. Mke alipofariki, bima ikaondoka naye. Lori likauzwa. Uzee wake una bima ya serikali kule, lakini sehemu inayohusu dawa hakuitaka, na alikuwa akiigawa sindano ya sukari ya siku moja kwa siku mbili. Mwanamke mmoja alimjia mlangoni na karatasi za msaada wa wenye kipato kidogo, bure, sahihi tu.

"Nilimwambia akawape wavivu," akasema.

Hapo nilishindwa. Nilimwambia, mbele ya daktari na wauguzi, kwamba tiketi yake ya kwanza ya Amerika ililipwa na serikali, na mimi ndiye niliyemshonea suruali ya kupandia ndege.

"Ile niliipata kwa alama zangu."

"Na mguu utaupata kwa alama zipi?"

Kaka Seif aliomba karatasi ya kutoka kwa hiari yake mwenyewe, na karatasi ile ndiyo aliyoitia sahihi. Khalfan alifika tukiwa tunatoka mlangoni. Aliinama akautazama mguu uliofungwa bendeji, akaelewa yote kwa mara moja, akauficha uso wake kwa mkono wa kanzu. Siku mbili baadaye kaka Seif alikuwa kwenye ndege, mguu juu ya mkoba, anamwambia Hilal kwa simu kwamba gari yake inavuta upande wa kushoto, airekebishe.

Kurudi Nizwa

Njia ya kurudi hatukusimama popote ila kwa Khalfan. Hakuleta halwa. Tulikaa pale uani karibu na bomba, akasema, "Angesema tu." Nikamjibu kwamba nasi tungeuliza tu.

Mguu umekatwa, chini ya goti. Hilo ndilo mlilotaka kujua.

Juzi Amina ametutumia ukurasa alioufungua kwenye mtandao, kuwaomba watu wasiomjua babake wachangie hospitali. Hilal alinisomea kwa Kiswahili chake. Watu wanatoa, wengi kidogo kidogo, kutoka miji nisiyoijua, na wengine wanaandika pole. Nilimpigia kaka Seif nikamuuliza vipi amekubali hilo. Akasema hao hawakulazimishwa na mtu, wametoa kwa moyo wao, si kodi. Nikamuuliza, na sisi pale Sur tulikuwa tunatoa kwa nini? Akasema simu inakatikakatika.

Juu ya ukurasa Amina ameandika: baba yangu hajawahi kumwomba mtu yeyote kitu chochote. Na chini yake ameweka picha. Ni ile ya Bidiya. Amesimama juu ya mchanga, dole gumba juu, anacheka, na kivuli changu mimi mpiga picha kimelala mchangani mpaka kwenye soksi zake.